Msumari Nilioung'oa kwenye Ukuta wa Ghala

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Mkitaka kucheka, chekeni. Hata mama yangu kule kijijini kwetu Ruanda alicheka nilipomwambia, akauliza kama pensheni yangu itapanda basi au bodaboda. Lakini sina neno jingine. Mtu aliyefanya kazi moja tangu ana miaka kumi na saba, kisha akaiweka chini na kujua kwamba hataishika tena, huyo amestaafu. Mwiko wangu uko juu ya kabati. Huwa naupaka mafuta usishike kutu, ingawa sijui namtunzia nani.

Ninawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza kujenga na kupiga lipu huku kwetu, Mbinga na chini ziwani. Nimeandika kurasa hizi mara saba. Mara ya nne nilikuwa nimeondoa kila jambo la aibu. Zilisomeka vizuri kabisa, na nilipozisoma mara ya pili nikaona hazina faida kwa mtu yeyote. Nikazichana. Hizi za sasa zina makosa na nimejizuia kuyasahihisha.

Ufundi sikuusomea popote. Niliuokota. Nilisimama kwenye saiti za watu kama mpita njia, nikatazama mkono wa fundi unavyozungusha kibao, kisha nikaenda nyuma ya jiko la mama kujaribu kwa udongo. Baadaye simu zikaja, nikawa natazama video za mafundi wa nchi nisizozijua, bila sauti, maana lugha zao sikuzielewa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja, na nawaambia mapema mjichunguze kama mnao: anaogopa muda wote kwamba atagunduliwa. Kwa hiyo anajificha nyuma ya usahihi. Mimi nilijificha nyuma ya milimita.

Mwalimu mmoja aliyehamishiwa Mbinga kutoka Mara alinipa nyumba yake nimalizie. Ukuta wa jikoni niliubomoa mara mbili. Siku ya pili ya kubomoa alifika akiwa na madaftari ya wanafunzi kwapani.

"Fundi, huo ukuta umekukosea nini?"

"Umelala, Mwalimu. Milimita nne."

Akafumba jicho moja, akautazama. "Mbona naona umesimama kuliko mimi?"

"Timazi haioni hivyo."

"Basi hiyo timazi ihamie humo, mimi na mke wangu tuendelee kunyeshewa nje."

Alilisimulia jambo hilo shuleni, shule ikalisimulia sokoni, nami nikawa Fundi Milimita. Nilijifanya sipendi. Nililipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Jina hilo ndilo lililonipeleka ziwani. Kuna mji kule chini ambao sitautaja, waliokaa kule watautambua. Una mtaa wa zamani unaoitwa Maghalani, ndio mji wenyewe ulipoanzia. Ukishuka kutoka barabara kuu unakutana kwanza na Duka la Tao, lenye matao matano mbele na ngazi tatu za mawe ambazo katikati zimelika kwa nyayo. Mbele yake kuna gati la mawe lenye pete ya chuma nene kama mkono wa mtoto. Wazee husema hapo ndipo meli ilipofungwa, ikashusha vitambaa, sabuni na chumvi, ikapakia mpunga na ngozi. Meli haiji tena pale. Pete imebaki, na watu hufungia mbuzi. Halafu, mwisho wa mtaa, kuna ghala kubwa la matofali ya kuchoma, limegeuzia ziwa uso wake. Wengine husema ni la enzi za Wajerumani, wengine husema lilikuja baadaye. Mimi nililikuta limechoka, lipu inamenyuka, madirisha yameoza, na kuta zake zimechimba chini kama mtu aliyepiga magoti.

Kamati ya mtaa ilitaka lifanyiwe ukarabati ili wageni wawe na kitu cha kutazama. Wakaniita mimi, na kwa kuwa nilikuwa kijana na wa milimani, wakanipa mzee wa kuniangalia. Huyo alikuwa Mzee Osmund, fundi wa pale pale, macho yamefifia lakini vidole bado vinasoma. Siku ya kwanza nilifika na mifuko ya saruji. Alinipokea salamu, akaikagua mifuko kwa fimbo.

"Hii ni ya nini?"

"Lipu, Mzee."

"Umeuona huu ukuta umejengwa kwa nini ndani?"

Nikachokonoa kiungo kwa msumari. Udongo.

"Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa. Ukiuvisha saruji unaunywesha halafu unauziba mdomo. Baada ya masika mawili utaoza kwa ndani, na lipu yako itabaki imesimama peke yake, nzuri."

Nikarudisha saruji. Tukaloweka chokaa kwenye mapipa, tukaifunika, tukaisubiri wiki tatu. Hilo lishikeni: chokaa ya kukimbizwa hupasuka. Iliyoiva haidondoki kwenye mwiko hata ukiugeuza chini juu, inang'ang'ania kama siagi ya baridi. Wiki hizo tatu ndizo nilizojifunza zaidi kuliko miaka yote iliyotangulia, na sehemu kubwa nilijifunza nikiwa nimekaa.

Wakati wa kusubiri ndipo nilipoiona mistari. Kwenye uso wa ghala unaotazama ziwa kulikuwa na mikato mitatu ya kisu, imelala, mmoja juu ya mwingine, karibu na kona. Nilidhani ni utundu wa watoto. Mama Benadeta ndiye aliyenieleza. Alikuwa mjane, muuza usipa, samaki wale wadogo wa ziwa letu, na alianika kwenye uwanja wa ghala kila siku. Yeye na wenzake walinitania tangu nilipofika. "Fundi Milimita, njoo unipimie na usipa wangu, asije akapungua hata mmoja!" Au, "Huyu wa milimani, maji anayajua kwenye sufuria tu." Walikuwa wakisema kweli.

"Hiyo ni maji," akanionyesha Mama Benadeta. "Huo wa chini kabisa ni Maji ya Mpunga, yaliyochukua mpunga wote wa mwambao. Huo wa kati ni Maji ya Harusi. Bibi harusi alitoka Duka la Tao akapandia mtumbwi pale pale kwenye ngazi, kanisani akafika amekaa kwenye mtumbwi. Na huo wa juu ni Maji ya Kengele. Mama yangu aliyaona. Kengele ya kanisa ilipigwa kutwa, siku tatu."

Mstari wa Kengele ulipita sentimita chache tu chini ya dirisha la ghala.

Sasa sikieni desturi ya watu wa pale, maana kila kitu kimesimama juu yake. Mtu akitaka kujenga Maghalani au popote ufukweni, kwanza huenda kuomba mstari. Fundi wake anachukua ule mpira mwangavu tunaotumia kupimia levo, yaani usawa, anaujaza maji. Mmoja anashika ncha moja kwenye mkato wa Kengele, mwingine anavuta mpira hadi kwenye kiwanja, kwa vipande vipande kama ni mbali. Pale maji yanapotulia upande wa pili, ndipo Kengele ilipofika kwenye kiwanja chako. Sakafu yako unaiweka tofali moja juu yake. Hakuna ofisi wala ramani. Ukuta wa ghala ndio ulikuwa ramani, na nyumba zote za mtaa ule zimeazima miguu yao kutoka kwake.

Na mimi nilikuwa naenda kuuvua lipu.

Mzee Osmund alijua. Asubuhi ya siku tuliyoanza alichukua msumari wa nchi sita, akaupiga kwenye kiungo cha mawe ya kona, usawa wa goti, ukaingia nusu.

"Pima mistari yote kuanzia hapa," akasema. "Juu ya msumari kiasi gani, andika. Na huu usiutoe mpaka umeirudisha mistari yote na mimi nimekuja kuitazama. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mzee."

Nilipima kuanzia msumarini, kila mkato, mara tatu tatu. Halafu nikapima msumari wenyewe uko juu ya ardhi kiasi gani, nikajumlisha, nikaandika na hesabu hiyo. Nilijisikia fundi hasa.

Wiki ile Mzee Osmund aliugua, wanawe wakampeleka Songea kutibiwa. Nikabaki peke yangu na ghala.

Mambo yafuatayo niliyafanya kwa mikono yangu, hakuna aliyenisukuma.

Kwanza, msumari ulianza kutoa kutu. Chokaa mbichi na chuma havielewani. Mchirizi wa rangi ya chai ukashuka kutoka kwenye kona yangu nyeupe. Niliufuta, ukarudi. Nikaufuta tena. Siku ya tatu nililala nikiuwaza mchirizi ule, na asubuhi nikaung'oa msumari kwa koleo, nikachokonoa viungo vyote vya kona na kuvijaza upya ili tundu lisionekane. Nilijiambia vipimo ninavyo.

Pili, daftari lilikuwa chafu, lina jasho na matope. Nikanunua jipya, nikanakili kwa mwandiko mzuri. Vipimo vya msumarini sikuvinakili, kwa kuwa msumari haupo tena. Nikaandika vile vya kutoka ardhini tu. Lile la kwanza Mama Benadeta aliniomba la kuwashia jiko, nikampa.

Tatu, chini ya ghala nilikuta mawe. Mafuriko ya miaka yote yalikuwa yameleta mchanga na tope, yakaulundika ukutani, mpaka msingi ukazikwa. Ndiyo maana ghala lilionekana limepiga magoti. Nilichimba kidogo nikaona jiwe limechongwa vizuri, nikachimba zaidi. Nilichimba urefu wote wa ukuta, pengine mkono mzima, pengine nusu, kufuatana na mawe, nikasawazisha, nikatandaza changarawe. Ghala likasimama. Wenyekamati walipiga makofi. Mwenyekiti alisema sasa ndio analiona jengo alilozaliwa akalikuta.

Chokaa ilipokauka nikarudisha mistari. Nikaweka futi kamba ardhini, nikasoma daftari, nikakata. Niliikata kwa rula, imenyooka kama uzi, nikaandika jina la kila maji kwa herufi za kuchonga. Kazi ya herufi peke yake ilinichukua siku nne. Ardhi niliyoiwekea futi sikuifikiria hata dakika moja.

Mmeshaona. Mimi sikuona. Na jambo baya zaidi ni kwamba mtu mwingine karibu aone.

Mama Benadeta alisimama mbele ya ukuta na beseni lake kiunoni.

"Fundi, mbona Kengele imekaa mbali na dirisha? Zamani walikuwa majirani."

"Dirisha nimeliinua, Mama. Fremu ya zamani ilikuwa imeoza."

Kweli nililiinua. Vidole viwili.

Akaliweka beseni chini, akaupa ukuta mgongo, akasimama wima. Mstari ukamfika begani.

"Begani ni pale pale," akasema polepole.

"Umeona?"

"Nimeona. Ila macho yangu bado yanabishana."

Nikamfungulia daftari jipya. "Hii hapa, milimita kwa milimita."

Akautazama ule ukurasa safi, mwandiko umepangwa, kila namba na mstari wake chini. "Basi," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Sikuwa nimesoma. Ilinipasa nimwambie hivyo. Nilifurahi.

Bega lake lilikuwa pale pale kwa sababu yeye na mstari walikuwa wameshuka pamoja. Alikuwa amesimama ndani ya shimo langu.

Miezi miwili baadaye Mama Benadeta alianza kujenga. Kiwanja aliachiwa na marehemu mumewe, nyuma ya Duka la Tao, na kwa miaka mingi alikuwa akikusanya tofali, leo kumi, kesho ishirini. Kabla ya hapo alikaa chumba kimoja kwa watu. Alikuja kuniomba mstari, nami nikasema mpira nitauvuta mwenyewe. Nilikuwa na deni la maandazi na usipa wa kukaanga wa msimu mzima, ambalo hakuwahi kulitaja. Nilishika levo mara tano. Nikampa sakafu iliyotulia kama maji kwenye bakuli, tofali moja juu ya Kengele. Siku ya kuingia ndani alitembeza mkono ukutani, akasema, "Sasa nikifa watajua nilikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma."

Masika ya kwanza yalipita. Ya pili yalikuwa mazito. Ziwa halikuja kwa kishindo kama nilivyodhani mafuriko huja. Lilikuja kidole kwa kidole, wiki baada ya wiki, hata jua likiwaka. Lilifunika pete ya chuma, mbuzi wakahamishwa. Likafika ghalani. Likafunika mstari wa Mpunga, halafu siku moja likafunika wa Harusi, likawa linaukaribia wa Kengele.

Nilikuwa Mbinga, nikashuka kuangalia kazi yangu. Niliwakuta wauza usipa wamesimama kwenye ngazi za Duka la Tao, wanacheka, lakini cheko lenyewe halikuwa zuri.

"Fundi Milimita, hebu tusaidie," mmoja akaniita. "Maji yamefunika Harusi, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hizi ngazi unazionaje?"

"Kavu."

"Sasa bibi harusi alipandia wapi mtumbwi? Hewani?"

Wakacheka tena. Niliangalia ngazi, nikaangalia ukuta, nikaangalia ngazi.

Mzee Osmund aliletwa na bodaboda mchana ule. Alikuwa amekonda sana. Akaingia majini na suruali yake mpaka kifuani, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ukutani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ulianzia wapi kupima?"

"Chini, Mzee."

"Chini ipi?"

Nikaelekeza kidole majini. Chini ya maji yalikuwa mawe niliyoyafukua, mawe mazuri, kila mmoja alishayaona.

"Msumari wangu uko wapi?"

"Niliutoa. Ulikuwa unaleta kutu."

Hakupandisha sauti. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kukwangua viungo vya kona chini ya maji, kimoja baada ya kingine, akipapasa kwa kidole kila anapokwangua, akilitafuta tundu. Kama tungelipata tundu tungepata yote, maana kimo cha msumari kutoka ardhi ya zamani bado nilikikumbuka. Alikwangua kwa muda mrefu. Kisha akafunga kisu.

"Umeziba vizuri sana," akasema. "Vizuri sana, fundi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kuhusu kazi. Alifariki kabla ya Krismasi. Nimesifiwa na watu wengi, na sifa hiyo moja ndiyo ninayoikumbuka kila ninapofumba macho.

Mtauliza kuhusu picha. Kamati iliuliza pia. Simu yangu ilikuwa na picha zaidi ya mia za lile ghala, zote za baada. Ukuta mchafu sikuwahi kuupiga picha. Nani anapiga picha uchafu? Pigeni, wadogo zangu. Pigeni uchafu kwanza, na mtu asimame kando yake.

Nilikimbia kwa Mama Benadeta, nikamkosa. Maji yalikuwa bado hayajafika mlangoni, yamebakiza kama hatua kumi, lakini sasa nilijua kwamba ile tofali moja ya usalama haikuwepo. Usiku ule upepo uliyasukuma, yakaingia kesho yake, saa nne asubuhi, jua kali. Nilimkuta anayafagia kwa ufagio, anayatoa mlango wa mbele, yanaingia wa nyuma.

"Mstari wako unasemaje, mwanangu?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mama, mstari ni mbovu. Nimeukosea mimi. Nilipima baada ya kuchimba."

Akaendelea kufagia. Mara tatu, mara nne. Halafu akausimamisha ufagio ukutani kwa uangalifu, kama anayeogopa kuchafua lipu.

"Nisaidie kitanda," akasema.

Tulitoa kitanda, sufuria, magunia, picha ya Bikira Maria. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, kama nyumba nyingi za kule. Udongo hukaa miaka mia ukiwa mkavu. Ndani ya maji hurudi kuwa udongo. Siku ya tisa ukuta wa nyuma ulikaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka, na paa likaufuata. Hakuna aliyeumia. Watu husema hivyo kunifariji.

Nyumba nne nyingine ziliomba mstari wangu. Tatu zilikuwa kiwanja cha juu zaidi, zikalowa misingi tu. Ya nne ilikuwa bado haijaezekwa, mwenyewe aliiacha.

Mama Benadeta alikwenda kwa mdogo wake, aliyeolewa huku kwetu milimani. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kwenda, ingawa ni mwendo wa saa moja tu kutoka nyumbani. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi, amejifunga kanga mbili kwa baridi.

"Karibu, Fundi. Umenikuta. Sasa mimi ndiye wa milimani, maji nayajua kwenye sufuria."

Nikashindwa kucheka. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandika njiani, kichwani, nimeupanga vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Watu hapa wananiuliza kama nimekusamehe," akasema. "Nawaambia, subirini kwanza nimalize kuchoka." Akatupa gunzi. "Usiku naamka nasikiliza ziwa. Nasikia kuku."

Akachukua hindi jingine. Kisha akauliza, "Maji yamefika wapi kwenye ghala?"

"Yameshuka, upesi kuliko yalivyopanda. Yameacha alama ya tope. Juu ya Kengele yangu, kiasi cha mkono wa kiwiko."

"Umeikata?"

"Sijagusa mwiko tangu siku ile, Mama. Mikono inatetemeka."

Hapo ndipo alipokasirika. Si kwa nyumba. Kwa hilo.

"Tope litakauka, mvua itaosha, halafu itakuwaje? Mimi nimepoteza nyumba ili wewe ukae kitandani? Nenda ukakate. Itetemeke hiyo mikono. Nani kakwambia mstari lazima unyooke?"

Nilishuka asubuhi iliyofuata. Upepo wa mwera, ule wa kusini wa ziwa letu, ulikuwa umeanza na maji yalinifika magotini. Kwanza nikapiga msumari, wa nchi sita, mpya, kwenye kiungo cha mawe ya kona, ukaingia mpaka ukakataa. Kisha nikafuta mistari yangu mitatu pamoja na majina yake yote. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Mpunga, Harusi, Kengele: sijui zilikuwa wapi. Nilichimba bila kupima, huku zaidi, kule kidogo, na hakuna mtu aliye hai anayeweza kunirudishia. Dirisha lingenipa makisio tu, na sakafu za nyumba za zamani kila mtu ameziongeza kivyake. Labda Kengele ilikuwa pale pale tope lilipofika. Labda ilikuwa juu zaidi, na siku moja ziwa litakuja kuionyesha. Nimejifunza kusema sijui, nikiwa nimechelewa sana kuwa na manufaa.

Halafu nikakata mstari mmoja, kwenye alama ya tope, bila rula. Umepinda. Unapanda kidogo upande wa kulia, pale wimbi liliponisukuma. Wauza usipa walikuwa wamesimama nyuma yangu, na safari hii hawakunitania. Nilipomaliza mmoja akauliza, "Haya yanaitwaje?" Nikasema sijui, nyinyi ndio wenye maji. Wakatazamana. Hawakujadili. Jina lilikuwa tayari linatumika mtaani kabla mimi sijashuka.

Mwaka huu nilipita kule kwa shughuli nyingine, si ya ujenzi. Mafundi wawili nisiowajua walikuwa wanamwombea mtu mstari. Mmoja alikuwa kwenye ghala na ncha ya mpira, mwenzake mbali, nyuma ya Duka la Tao, haonekani, sauti tu inakuja.

"Umeshika Milimita?"

"Nimeshika!"

"Shika vizuri, Milimita ndiyo nyumba ya watu!"

Nilisimama karibu yao kwa muda. Hawakunijua, nami sikujitambulisha. Kwenye kona msumari ulikuwa bado upo, na mchirizi wa kutu umeshuka kwenye chokaa nyeupe mpaka jiwe la tatu. Nilikuwa na kitambaa mfukoni. Sikuufuta.